Namna ya kuoka krispi ya pichi nyumbani, kwa oveni au kwa mbabula (jiko la makaa)

Krispi ya pichi ni chakula cha tabaka mbili: chini kuna matunda yaliyolainika ndani ya maji yake mazito, na juu kuna chenga za unga, oti, sukari na siagi zilizokauka hadi zikawa na rangi ya dhahabu. Hakihitaji hamira wala mayai, hakuna unga wa kukanda wala wa kusukuma, na kwa sababu hiyo mtu ambaye hajawahi kuoka kitu chochote anaweza kuanza nacho bila hofu. Hata hivyo tabaka hizo mbili zinapingana kwa tabia zake, kwa kuwa matunda yakipata moto hutoa maji, na chenga zikipata maji hugeuka uji. Karibu kila hatua nitakayoieleza hapa, tangu kuchagua pichi sokoni hadi kusubiri chombo kipoe mezani, inalenga kuyaweka maji chini na ukavu juu mpaka wakati wa kula.

Hapa Lubumbashi pichi mbichi si tunda la kila siku kama embe au ndizi. Zinazouzwa madukani hutoka hasa Afrika Kusini, ambako mavuno huangukia miezi ya joto ya upande huo wa dunia, takriban Novemba hadi Machi, na hutufikia kwa barabara kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Kwa kuwa safari ni ndefu, huchumwa zikiwa bado ngumu, na hapo ndipo mnunuzi anapohitaji macho. Wekundu wa shavu la pichi haukwambii kitu, kwa sababu hutokana na aina ya mti na jua lililolipiga tunda. Tazama rangi iliyo chini ya wekundu huo, hasa karibu na kikonyo. Ikiwa ni ya manjano, au nyeupe ya maziwa kwa pichi zenye nyama nyeupe, tunda lilichumwa likiwa limekomaa. Ikiwa ni ya kijani, liache hapo lilipo. Pichi huendelea kulainika na kupata harufu baada ya kuchumwa, lakini utamu wake hauongezeki tena, kwa sababu haina akiba ya wanga wa kugeuza kuwa sukari kama ilivyo kwa ndizi. Tunda lililochumwa bila utamu litalainika mezani kwako na kubaki vilevile bila utamu.

Ukizileta nyumbani zikiwa ngumu, zipange juu ya meza bila kubebana, au zitie katika mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu moja, ambayo hewa inayotoka ndani yake huharakisha kuiva. Usizitie katika friji kabla hazijaiva. Baridi ya friji ya nyumbani huharibu nyama ya pichi changa, ikawa kavu na yenye ungaunga, na hakuna namna ya kuirudisha baadaye. Zikishaiva, yaani kidole kikibonyeza karibu na kikonyo kinaingia kidogo na harufu inasikika bila kuinamia, unaweza kuziweka kwenye friji kwa siku chache. Kwa kuoka ninapendelea pichi iliyoiva lakini bado ina ukakamavu kidogo. Ile laini kabisa, inayotiririka hadi kwenye kiwiko unapoila, ni ya kuliwa mbichi.

Kwa watu sita utahitaji kilo moja ya pichi, ambazo huwa sita hadi nane za ukubwa wa wastani, sukari vijiko vinne vya chakula, maizena, yaani wanga wa mahindi, kijiko kimoja na nusu cha chakula, maji ya limau kijiko kimoja cha chakula, na chumvi kidogo ya kushikwa kwa vidole viwili. Kwa ajili ya chenga za juu andaa gramu 120 za unga wa ngano, ambazo ni kikombe cha mililita 250 kisichojaa vizuri, gramu 80 za oti, gramu 100 za sukari, gramu 115 za siagi, nusu kijiko cha chai cha mdalasini, na chumvi kidogo tena. Siagi hiyo ni chini kidogo ya nusu ya pakiti ya gramu 250, kwa hiyo asiye na mizani ataipata kwa kukata kwa kisu. Sukari ya kahawia inafaa zaidi kwa chenga kwa sababu ya ladha yake nzito, lakini sukari nyeupe haiharibu chochote. Chombo kiwe na upana wa sentimita 20 kila upande na kina cha sentimita 5, kiwe cha kioo kinachostahimili moto, cha udongo au cha bati. Kikiwa kipana zaidi, matunda yatasambaa na kukauka. Kikiwa chembamba na kirefu, maji yatapanda hadi kwenye chenga.

Kumenya si lazima, kwa kuwa ganda la pichi huliwa, ila likipikwa hujikunja kama vipande vya karatasi na watoto hulitema. Njia nyepesi ni kuchemsha maji katika sufuria, kukata alama ya msalaba chini ya kila pichi, kuzitumbukiza kwa sekunde 30 hadi 60, kisha kuzihamishia mara moja katika maji ya baridi. Ganda litajiachia lenyewe ukilivuta kwa vidole. Likigoma, tunda halijaiva vya kutosha, na hapo kisu kitakusaidia kuliko kulichemsha zaidi, kwa sababu ukirefusha muda utapika nyama ya nje kabla ya wakati.

Kisha kata kila pichi kwa kuzungusha kisu kwa kufuata mfereji wake, na uzungushe nusu mbili pande zinazopingana. Kuna pichi ambazo kokwa hutoka mara moja, na kuna nyingine ambazo nyama imeng'ang'ania kokwa. Za namna ya pili usishindane nazo, bali kata vipande kutoka nje kuelekea ndani hadi ufike kwenye kokwa. Makokwa yatupe. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu wapo wanaovunja kokwa ili kuipata mbegu iliyomo ndani, yenye harufu inayofanana na lozi: mbegu hiyo ina kitu kinachoitwa amigdalini, ambacho kikiingia tumboni hutoa sianidi, nayo ni sumu. Watoto wasiichezee.

Vipande viwe na unene wa sentimita moja na nusu hivi. Vikiwa vyembamba sana vitapotea na kuwa jamu, na vikiwa vinene vitabaki vigumu katikati wakati chenga zimeshaungua. Changanya vipande na sukari, limau na chumvi katika bakuli, uviache kwa dakika 15, kisha uangalie chini ya bakuli. Hapa pichi zenyewe zitakwambia la kufanya. Kama maji yaliyokusanyika ni kidogo, nyunyiza maizena, changanya, na umimine kila kitu katika chombo ulichokipaka siagi. Kama maji ni mengi, yamimine katika sufuria ndogo, yachemshe peke yake hadi yabaki nusu, yaache yapoe, kisha koroga maizena ndani yake na uyarudishe kwenye matunda. Kazi hiyo haichukui zaidi ya dakika kumi, na ndiyo inayotenganisha krispi nzuri na supu yenye biskuti zilizolowa juu yake.

Maizena inahitaji maelezo zaidi kwa wakazi wa mji huu. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Wanga wa mahindi huanza kuvimba mapema, lakini unafikia uzito wake kamili ukikaribia nyuzi 95, kwa hiyo nafasi tuliyonayo kati ya wanga ulioiva na maji yanayochemka ni ndogo mno. Maana yake ni kwamba haitoshi kuona mapovu mawili matatu pembeni mwa chombo. Ni lazima maji ya matunda yatokote hadi katikati, na yaendelee hivyo kwa dakika tano au zaidi. Aliyetoa krispi yake mapema atadhani kwamba maizena ilikuwa kidogo, na safari ijayo ataongeza, kisha atapata gundi. Asiye na maizena atumie unga wa ngano, vijiko vitatu mahali pa kimoja na nusu, ingawa maji yatakuwa na ukungu kidogo badala ya kung'aa. Unga wa muhogo wa bukari, yaani wa ugali, sikushauri, kwa kuwa harufu yake ya kuchachuka huifunika harufu ya pichi.

Sasa tuje kwenye chenga. Changanya kwanza vitu vikavu, yaani unga, oti, sukari, mdalasini na chumvi, kisha ukate siagi iliyotoka kwenye friji vipande vidogo na uvitie humo. Tumia ncha za vidole, si viganja, kwa sababu viganja vina joto na siagi huanza kuyeyuka ikifika nyuzi 32 hivi. Bana na uachie, bana na uachie, ukiinua unga kutoka chini, hadi mchanganyiko uwe na chenga za kila ukubwa: nyingine kama mchanga, nyingine kama punje za mahindi, na chache kubwa kuliko hizo. Tofauti hiyo ya ukubwa inahitajika. Zile ndogo hushikana na kuwa kama kifuniko, zile kubwa hubaki na nafasi katikati ambazo mvuke wa matunda hutokea, na mvuke usipopata njia hubaki chini na kuzilowesha. Ukishaona siagi inang'aa na vidole vinateleza, simama, weka bakuli katika friji kwa dakika 15, kisha uendelee.

Siagi inaweza kubadilishwa na majarini, lakini soma pakiti. Majarini yenye mafuta asilimia 80 hivi hufanya kazi sawasawa, ingawa ladha inapungua. Ile laini ya kupaka mkate, ambayo asilimia ya mafuta iko chini sana, imejaa maji, na maji hayo ndiyo hasa tunayoyakimbia. Oti ziwe zile bapa zinazoonekana umbo lake, si zile zilizosagwa kwa ajili ya uji wa watoto. Kama hazipatikani, au bei yake inakukatisha tamaa, chukua gramu 80 za karanga, uzitwange kidogo tu ili vipande vibaki, na uzitumie mahali pake. Kwa maoni yangu karanga hizo zinaishinda oti kwa utamu, nazo hazikosekani katika soko la Kenya hapa mjini mwaka mzima. Vijiko viwili vya unga wa mahindi mahali pa vijiko viwili vya unga wa ngano pia huongeza mlio chini ya meno.

Tandaza chenga juu ya matunda bila kuzikandamiza, uzifikishe hadi ukingoni, ila uache upenyo mdogo mahali pawili au patatu ili uweze kuyaona maji yanapochemka. Kama unatumia oveni, iwashe mapema hadi nyuzi 180 na uoke katikati kwa dakika 40 hadi 45, huku chini umeweka sinia la kupokea maji yatakayomwagika. Dalili ni mbili na zote mbili zitimie: rangi ya dhahabu iliyokolea juu, na maji mazito yanayotokota kupitia zile penyo, hata katikati. Rangi ikitangulia kabla ya maji kutokota, laza karatasi ya alumini juu bila kuifunga pembeni, kwa sababu ukiifunga utakamata mvuke.

Asiye na oveni asijione amenyimwa. Katika nyumba nyingi za mji huu keki huokwa juu ya mbabula, na krispi ni rahisi kuliko keki, kwa kuwa haina cha kuvimba na kuanguka. Chukua sufuria kubwa na nzito yenye kifuniko bapa cha chuma, mwaga ndani yake mchanga mkavu na safi wa kina cha vidole viwili, weka juu ya mchanga vijiwe vitatu au pete ya bati, na uifunike. Iweke juu ya makala, yaani makaa ya miti, yaliyokwisha kuwaka vizuri na kufunikwa na jivu jeupe, kisha uweke makala mengine juu ya kifuniko. Iache ipate moto kwa dakika 20. Ili kujua kama joto linafaa, weka ndani kisahani cha bati chenye kijiko cha unga wa ngano: ukipata rangi ya kahawia hafifu baada ya dakika tano, anza kuoka; ukiungua, punguza makala ya chini; ukibaki mweupe, ongeza ya juu.

Chombo cha krispi lazima kikae juu ya vijiwe, bila kugusa pembe za sufuria, nacho kiwe cha bati au cha udongo, si cha kioo, ambacho kinaweza kupasuka kikipata joto la ghafla upande mmoja. Makala ya juu yawe mara mbili ya yale ya chini, na sababu yake si rangi peke yake. Kifuniko kikiwa cha moto sana, mvuke unaopanda hauwezi kugeuka matone na kudondoka juu ya chenga. Kikiwa na uvuguvugu tu, utapata mvua ndani ya sufuria. Dakika kumi za mwisho sogeza kifuniko pamoja na makala yake upande mmoja, kwa upana wa kidole, mvuke utoke. Hesabu dakika 50 hadi saa moja kwa jumla, na ongeza makala madogomadogo juu kila yanapofifia. Kazi hii yote ifanyike uani au barazani, kamwe isifanyike ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua hata pale ambapo hakuna moshi.

Umeme ukikatika krispi ikiwa ndani ya oveni, usifungue mlango. Oveni iliyokuwa na nyuzi 180 hushuka polepole, na kama dakika 30 zilikwisha kupita, joto lililobaki linaweza kumalizia matunda. Kama ulikuwa mwanzoni, hamishia kazi mahali pawili tofauti: pika matunda katika sufuria juu ya mbabula hadi yawe mazito, na ukaange chenga katika kikaango kipana, juu ya moto mdogo, ukigeuza bila kuacha kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Mimina matunda katika sahani na unyunyize chenga juu wakati wa kula. Haitakuwa na ule mshikamano wa krispi iliyookwa, lakini ukavu wa juu utakuwa kamili, na ninaiona kuwa njia ya heshima kabisa kwa siku ambayo wageni wamekwisha kubisha hodi.

Nje ya msimu kuna pichi za kopo. Hizo zimekwisha kupikwa na kutiwa sukari, kwa hiyo zichuje, zisuuze kwa maji, zikaushe kwa kitambaa safi, na usiongeze sukari yoyote upande wa matunda. Limau lakini liongeze hadi vijiko viwili, na maizena ipunguze hadi kijiko kimoja. Kumbuka kwamba uzito ulioandikwa kwenye kopo unahesabu pia maji yake: katika kopo la gramu 825 matunda yenyewe ni zaidi kidogo ya nusu, kwa hiyo makopo mawili ndiyo yanayokaribia kilo moja. Na mvua zinapoanza, maembe yakajaa barabarani, hakuna sababu ya kungojea lori kutoka kusini. Chagua embe zisizo na nyuzi nyingi, zilizoiva lakini bado zinakatika vipande vyenye umbo, upunguze sukari iwe vijiko viwili, uongeze limau liwe vijiko viwili, na mengine yote yabaki kama yalivyo.

Krispi ikitoka motoni maji yake bado ni mepesi, kwa sababu wanga huzidi kushikana joto linaposhuka. Iache juu ya waya au juu ya vijiti viwili, hewa ipite chini, kwa nusu saa angalau, bila kuifunika kwa kitu chochote. Mtu akiichota mapema ataona maji yakikimbilia kwenye shimo la kijiko, na chenga zilizo karibu zitazama humo. Ile itakayobaki ipoe kabisa kabla ya kuiingiza katika friji, ambako itakaa siku tatu, na siku ya kuila irudishe katika oveni au sufuria ya makala kwa dakika 15, bila kifuniko cha karatasi, hadi chenga zikauke tena.